Kiunga cha Shule: Mahali pa Mtoto Kucheza na Kujifunza

(Mazungumzo kwa walimu wa shule za msingi na watumishi wa umma)



Msafiri anayetoka Bagamoyo kuelekea Msata hahitaji kuambiwa kwamba amefika Kiwangwa. Mananasi humwambia. Yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu, na nyuma ya wauzaji mashamba yamenyooka hadi macho yanapokoma. Kata hii ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, imejipatia jina kwa zao hilo, na wananchi wake wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa jasho la shamba la mananasi. Hilo ni jambo la kujivunia, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayelilaumu.

Lakini nanasi halikupandwa angani. Limepandwa mahali palipokuwa na kichaka. Mtoto aliyesoma Kiwangwa katika miaka ya 1970 alipotoka shuleni alikatiza porini. Humo aliokota furu na mabungo, alitingisha mkwaju, akamfuata ndege mpaka kwenye kiota chake, na pengine alifika nyumbani kwa kuchelewa akapata adhabu aliyostahili. Hakuna aliyempangia mchezo huo, wala hakuna aliyeuita elimu. Leo njia ya mtoto kama huyo hupita baina ya matuta. Katika shamba la mananasi hakuna mchezo: ncha za majani huchoma, na mwenye shamba ana macho. Msitu nao umerudi nyuma kwa shoka la mchoma mkaa, anayelisha majiko ya Dar es Salaam, na sehemu iliyosalia, kama vile msitu wa hifadhi wa Kiwangwa-Pongwe na msitu wa Zaraninge ulio katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, ina sheria na walinzi wake. Ni haki iwe hivyo. Ila matokeo yake ni kwamba mtoto wa kijijini, ambaye watu wa mjini humdhania kuwa anaishi katikati ya miti na wanyama, anaweza kumaliza darasa la saba bila ya kuujua mpingo kwa macho wala kuutofautisha na mkongo.

Sasa basi, ni mahali gani palipobaki ambapo mtoto huyu hukaa kwa saa nyingi kila siku, ambapo ardhi si ya mtu mmoja, na ambapo mtu mzima mwenye elimu yupo karibu? Mahali hapo ni uwanja wa shule ya msingi. Ndiyo sababu mazungumzo haya yanaelekezwa kwa walimu na kwa watumishi wa Halmashauri, wala si kwa wakulima.

Sheria iko wazi katika jambo hili, ingawa ni watu wachache waisomao kwa jicho hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inapotaja mambo ambayo mtoto anastahili kupata kutoka kwa mzazi au mlezi wake, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, uhuru, na pia haki ya kucheza na kupumzika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unalisema jambo hilo hilo katika ibara ya 31. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Juni ya kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Michezo ya Watoto. Ifahamike kwamba sheria haikusema mchezo ni zawadi apewayo mtoto akishamaliza kazi. Imeuweka katika orodha moja na chakula.

Hebu utazamwe uwanja wa shule kama ulivyo katika sehemu nyingi za Pwani. Ardhi ni tupu, imefagiliwa alfajiri hata alama za fagio zinaonekana. Njia ya kwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu imezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Upo mlingoti wa bendera. Upo uwanja wa mpira wenye magoli ya miti. Na upo mti mmoja mkubwa, mwembe au mjohoro, ambao umetundikwa ringi la gari liwe kengele. Mti huo mwanafunzi haruhusiwi kuukwea. Uwanja wa namna hiyo ndio usifiwao kwa usafi anapokuja mgeni. Ikifika saa nne, jua likiwa limeanza kupanda, vumbi huinuka, wavulana wakubwa huuteka uwanja wote kwa mpira mmoja wa matambara, na watoto wa madarasa ya chini husimama katika kivuli chembamba cha ukuta wakisubiri kengele.

Desturi ya kufagia uwanja mpaka ukawa mweupe ina sababu zake. Majani marefu huficha nyoka, na hakuna mzazi wa Kiwangwa asiyelijua hilo. Lakini iko sababu nyingine isiyotajwa. Katika miaka ya Elimu kwa Wote, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na hasa mwaka 1977 ulipofikia lengo la kuandikisha watoto wote, madarasa mengi yalisomeshwa chini ya miti. Tangu hapo, kusoma chini ya mti kumekuwa alama ya umaskini. Kijiji kikipata bati na saruji, jambo la kwanza ni kuuhama mti, na jambo la pili, mara nyingi, ni kuukata ili kupata mahali pa kujenga. Elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016 na watoto kufurika darasa la kwanza, na tena mwaka 2021 Serikali ilipoanza ujenzi wa madarasa 15,000 nchini, yakiwemo 3,000 ya shule shikizi, haja ya majengo ilikuwa kubwa na ya kweli. Madarasa yalihitajika, na yamejengwa. Isipokuwa kila jengo limechukua kipande cha uwanja, na katika michoro mingi ya ujenzi mahali pa kuchezea hapakuchorwa. Palibaki pale ambapo jengo halikufika.

Wenzetu wa mbali wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na si vibaya kuwatazama, madhali hawageuzwi kuwa miungu. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, ulifunguliwa uwanja wa watoto mahali paitwapo Emdrup, Copenhagen. Mbunifu wake, Carl Theodor Sørensen, alikuwa amebuni viwanja vizuri vya kuchezea kabla ya hapo, kisha akagundua kwamba watoto walivipita viwanja vyake wakaenda kucheza katika mabaki ya ujenzi. Basi akawapa mabaki: mbao, matofali, udongo na vifaa vya kujengea. Watoto wakajenga wenyewe, wakabomoa, wakajenga tena. Huko Finland nako, watafiti walitandika udongo na mimea ya msituni katika viwanja vya vituo vya kulelea watoto, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika muda wa siku 28 tu vijidudu vyenye manufaa katika ngozi za watoto viliongezeka aina, na vipimo vya kinga ya mwili vikabadilika kuelekea upande mwema. Finland ililazimika kuileta sakafu ya msitu na kuitandika mjini. Kiwangwa inayo sakafu hiyo nyuma ya uzio, na kila asubuhi huifagia.

Hata hivyo mfano wa karibu zaidi unatoka Kenya. Wangari Maathai, mwanzilishi wa harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977, alipopokea Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004 hakuzungumza juu ya siasa peke yake. Alieleza jinsi alivyokuwa akitumwa na mama yake kuteka maji kijitoni, akacheza baina ya majani ya magimbi, akijaribu kuyachota mayai ya chura akidhani ni shanga, nayo yakikatika kila alipoyagusa. Baadaye aliviona viluwiluwi vikiogelea. Mtoto huyo alikuja kuwa mwanabayolojia. Haidaiwi hapa kwamba kila mtoto atakayeshika mayai ya chura atapata Nobel. Inadaiwa tu kwamba swali lake la kwanza la sayansi hakulipata darasani.

Kinachopendekezwa kwa shule za msingi za Kiwangwa ni kitu ambacho Kiswahili cha Pwani kina jina lake tangu zamani: kiunga. Kila shule itenge kipande cha ardhi yake, hata robo ekari, kiwe kiunga cha watoto. Si bustani ya maua ya kutazamwa, wala si shamba. Ni mahali penye miti, vichaka, mchanga, magogo na udongo, ambapo mtoto ana ruhusa ya kugusa, kukwea, kuchimba na kujenga.

Miti ichaguliwe kwa kazi yake. Mkungu hukua haraka, matawi yake hutanda kama mwavuli, na hapana mtoto wa Pwani asiyejua kuivunja kungu kwa jiwe ili apate kiini chake. Mpera una matawi magumu yanayopinda bila kuvunjika upesi, na huzaa mapema. Mzambarau na mkwaju huchukua muda mrefu zaidi, lakini wajukuu watashukuru. Mkorosho una matawi ya chini yanayokwewa hata na mtoto wa darasa la kwanza, ila watoto wafundishwe kwamba mafuta ya ganda la korosho mbichi huunguza ngozi. Pembezoni ipandwe miti ya asili ya msitu wa Bagamoyo: mpingo, mkongo, na msandarusi, ule mti ambao utomvu wake uliokauka ulikuwa bidhaa kubwa ya bandari ya Bagamoyo katika karne ya 19. Mwalimu wa historia atakayesimama chini ya msandarusi hatahitaji picha. Mbuyu ukiwapo tayari, usiguswe.

Baada ya miti kuna vile vitu ambavyo havina bei. Shina la mnazi uliokufa, likilazwa chini na kuzuiwa kwa mawe lisibingirike, ni farasi, ni daraja, ni basi la kwenda Dar es Salaam. Rundo la mchanga safi lililomwagwa chini ya kivuli litafanya kazi kuliko mabembea ya chuma ambayo hutengenezwa kwa fedha nyingi, yakavunjika mwaka wa pili na kungojea fundi mpaka yaote kutu. Udongo wa mfinyanzi ukipatikana, uwekwe na maji kidogo kando yake. Makuti, vifuu, mabua, mbegu za aina mbalimbali na mawe laini ya mtoni yakusanywe katika kona moja. Kwa vitu hivyo watoto watacheza mdako na bao, watapikiana chakula cha uongo, watajenga nyumba, watauza na kununua. Mwalimu wa darasa la kwanza anayehangaika na Kusoma, Kuandika na Kuhesabu atazame jinsi mtoto asiyejua kujumlisha ubaoni anavyogawa kete za bao bila ya kukosea hata moja, kisha ajiulize ni wapi somo lilipopotea.

Katika kiunga hicho watapata nafasi watoto ambao uwanja wa mpira umewasahau. Wasichana ndio wa kwanza. Mara nyingi kengele ya mapumziko ikilia, msichana hupewa ndoo au fagio, na mvulana hupewa mpira. Tabia hiyo haina maandishi yoyote, lakini imekaa shuleni kama kanuni. Wa pili ni watoto wadogo wanaosukumwa pembeni, na wa tatu ni wenye ulemavu, ambao huhitaji njia iliyosawazishwa na kivuli karibu ili wacheze na wenzao badala ya kuwatazama.

Hofu zipo, na mwalimu mwenye hofu hapaswi kuitwa mwoga, kwa kuwa jambo likiharibika ni yeye atakayesimama mbele ya mzazi. Kuhusu nyoka, njia za kiunga zikatwe majani mpaka chini ya kifundo cha mguu, takataka na marundo ya matofali yasikae karibu, na watoto wazoee kutazama kabla ya kuketi au kutia mkono. Kuhusu kuanguka, mti wa kukwewa uwekewe mpaka: chokaa ile ile inayopaka mawe ya njiani ipake mstari kwenye shina na matawi katika kimo cha mtu mzima, na hapana mtoto wa kupita hapo, chini yake umwagwe mchanga. Mkono wa mtoto unaweza kuvunjika hata kwenye ngazi za darasa, na ngazi hazijapigwa marufuku.

Kuhusu sumu, yapo mambo ya kuondoa bila majadiliano. Mnyaa, uliozoeleka kuwa uzio, una utomvu unaoweza kudhuru macho vibaya. Mbegu za mbono-kaburi hutapisha na kuharisha mtoto akizila kwa kudhani ni karanga. Upupu kila mtu anaujua. Matairi ya zamani, ambayo baadhi ya shule huyapanga kuwa viti, yatobolewe chini, kwa sababu maji yakisimama humo huzalisha mbu aenezaye dengue, na Dar es Salaam imeuona ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa sababu ya kichocho, kisichimbwe kidimbwi cha maji ya kudumu. Na hapa yale ya Finland yasiigwe kwa upofu: udongo wa Pwani una minyoo, ikiwamo safura, na kwa hiyo kiunga bila vyoo vinavyotumika, bila viatu na bila maji ya kunawa mikono kitakuwa hasara. Shule isiyo na choo cha kutosha ianze na choo.

Lipo pingamizi zito kuliko hayo yote, nalo litatoka kwa Kamati ya Shule yenyewe. Robo ekari ya ardhi Kiwangwa ni robo ekari ya mananasi. Mananasi hayo yangeweza kununua unga wa uji, chaki, au tangi la maji. Kwa nini ardhi hiyo wapewe watoto wacheze? Atakayetoa hoja hiyo atataja Elimu ya Kujitegemea, na atakuwa na haki ya kuitaja. Basi na isomwe. Mwalimu Nyerere, alipoitoa siasa hiyo mwezi Machi 1967, hakusema shule ziwe mashamba. Alitaka kazi ya shamba iwe sehemu ya kujifunza, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, wajue kwa nini jambo limefanyika na faida yake imekwenda wapi. Pale ambapo mwanafunzi amepewa jembe bila maelezo, na mavuno asijue yalikokwenda, palibaki jembe tu. Majaribio kama ya shule ya Kwamsisi, Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo masomo yalijaribiwa kufungamanishwa na maisha ya kijiji, yalionyesha kwamba mazingira yanayomzunguka mtoto yanaweza kuwa kitabu. Shamba la mananasi la shule na liendelee. Lakini mtoto wa miaka saba hajifunzi kuamua katika shamba ambalo mistari yake imekwisha kunyoshwa. Hujifunza anapojenga kibanda cha makuti na wenzake wanne, kikawaangukia, wakagombana, kisha wakapatana nguzo ya katikati ikae wapi.

Jambo moja lisipobadilika, haya yote yatakuwa bure. Katika shule nyingi kumwagilia miti ni adhabu. Mtoto aliyechelewa huchimba shimo. Aliyepiga kelele hubeba ndoo. Kisha tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, mtoto yule yule huambiwa aupende mti. Kazi ya kiunga ipewe watoto wenyewe kwa zamu ya heshima, kama ilivyokuwa katika Klabu za Malihai zilizoanzishwa nchini mwaka 1980 au katika vikundi vya Roots & Shoots vilivyoanza Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12. Mwalimu anayehitaji adhabu aitafute mahali pengine.

Utekelezaji hauhitaji kungojea wafadhili. Mwalimu Mkuu alipeleke pendekezo katika Kamati ya Shule, na Kamati ilipeleke kwa Serikali ya Kijiji. Mipaka ya ardhi ya shule ipimwe kwanza, maana zipo shule ambazo uwanja wake hupungua tuta moja kila msimu na hakuna anayethubutu kumtaja jirani. Kipande cha kiunga kiandikwe katika muhtasari na kuchorwa katika ramani ya shule, ili fundi wa darasa lijalo asikianzie msingi humo. Mthibiti Ubora wa Shule atakapokuja, akague pia kivuli: watoto wangapi wanapata mahali pa kukaa nje saa sita mchana. Afisa Elimu Kata na Afisa Ugani wanaweza kuomba miche kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na wazee wa Kikwere, Kidoe na Kizigua waitwe wataje majina na matumizi ya miti kabla majina hayo hayajasahaulika. Watoto nao waulizwe. Wapewe vijiti, wachore chini uwanja wanaoutaka, na mwalimu anakili.

Mashimo yachimbwe mwezi Februari, ardhi ingali kavu, na yajazwe samadi. Miche ipandwe mvua za masika zikishika mwezi Machi. Izungushiwe miiba mara moja, kwa kuwa mbuzi wa jirani hawasomi matangazo. Tatizo huanza Juni, shule zikifungwa, mvua zimekwisha na zamu ya kumwagilia imekwenda nyumbani pamoja na watoto. Hapo ndipo miche mingi ya shule hufa kila mwaka. Kwa hiyo kabla ya kufunga shule, majina ya watoto wanaokaa karibu yaandikwe mawili mawili kwa kila mche, wazazi wao wajulishwe, na mtu mmoja mzima, mwalimu au mjumbe wa Kamati, akabidhiwe ufunguo wa kisima na daftari la zamu.